Ukiumia Safarini, Utamdai Nani?

Tangazo umeliona Instagram: Mikumi siku mbili, usafiri, malazi na chakula ndani, nusu ya hela sasa na nusu siku ya kuondoka. Umelipa kwenye lipa namba yenye jina la duka la vipodozi. Jumamosi alfajiri Coaster inawachukua Ubungo, nayo si ya yule aliyetangaza, ameikodi. Dereva ni deiwaka aliyepigiwa simu usiku. Loji ina mwenyewe, na lile gari la wazi la kuzungukia hifadhini lina mwenyewe mwingine kabisa. Mambo yakienda vizuri hakuna anayehangaika kujua nani ni nani. Coaster ikipinduka njiani pale Doma, kila mmoja wao ana mwenzake wa kumsukumia.

Abiria aliyevunjika mguu huanza na swali la nani kasababisha ajali. Lina mahali pake, ila ningekushauri uanze na jingine: nani alikuahidi safari hii na kupokea hela yako? Jibu lake ndilo litakaloamua kama utamfuata mtu mwenye ofisi, leseni na bima, au utabaki kumsaka dereva ambaye simu yake haipatikani. Na jibu hilo hutafutwa kabla ya kulipa. Ukilitafuta ukiwa wodini umechelewa.

Aliyeahidi na aliyekosea

Sheria inakupa njia mbili za kudai. Ya kwanza ni mkataba. Usidhani mkataba ni lazima uwe kurasa kumi zenye mhuri. Tangazo, bei mliyokubaliana, muamala wa simu na ujumbe wa "nafasi yako ipo" vinaweza kutosha. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyotokana kwa sehemu kubwa na ile ya India ya mwaka 1872. Kenya inatumia sheria ya mikataba ya Kiingereza. Njia ya pili ni uzembe. Hapa huhitaji kuwa mliahidiana chochote. Inatosha kwamba mtu alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari juu yako, hakuichukua, ukaumia. Dereva anaingia humo, mwajiri wake pia, na mwenye hoteli aliyeacha nyaya wazi kando ya bwawa la kuogelea.

Unaruhusiwa kupita njia zote mbili katika shauri moja. Tofauti yake ni kwamba kwenye uzembe unamfuata aliyekosea na bosi wake, na kwenye mkataba unamfuata aliyeahidi, hata kama mkono uliokosea si wake.

Kesi ninayoipenda kuelezea jambo hili iliamuliwa mwaka 1995 na Baraza la Faragha la London, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Hong Kong. Binti mmoja alinunua safari ya pamoja kutoka kampuni ya Hong Kong kwenda kutembea China bara. Kundi likachelewa kivuko cha ziwani, likavushwa kwa boti ya mwendo kasi iliyoendeshwa na mtu asiye na uzoefu. Boti ikagonga chombo cha wavuvi, binti akafa maji. Kampuni ikajitetea kwamba boti haikuwa yake wala mwendeshaji hakuwa mwajiriwa wake, yenyewe ilipanga tu. Majaji wakasoma kijitabu cha matangazo, wakakuta kila mahali kampuni inasema sisi tutawapeleka, sisi tutapanda boti. Aliyeahidi kuitoa huduma mwenyewe, wakasema, anaahidi pia kwamba itatolewa kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, awe ameitoa kwa mikono yake au kwa mikono ya aliyemkodi. Mama wa marehemu alishinda.

Hukumu hiyo haimfungi jaji wa Arusha wala wa Mombasa, lakini mahakama zetu zimekulia katika sheria hiyohiyo na husoma maamuzi ya namna hii kwa uzito. Kwa hiyo tangazo la safari usilifute. Lipige picha, pamoja na maneno yote ya "tutakupokea", "magari yetu", "waongozaji wetu wenye uzoefu". Hayo maneno aliyaandika ili akuvutie. Siku ya shauri yatasomwa kama ahadi.

Kampuni zenye wanasheria zinalijua hili, ndiyo maana masharti yao huwa na mstari unaosema wao ni mawakala tu wa hoteli, mashirika ya ndege na wenye magari. Ukiukuta, muulize: wakala wa nani? Wakala halisi anamtaja bosi wake kwa jina na risiti inaonyesha hivyo. Anayeuza safari kwa bei moja ya jumla, kwa jina lake, bila kukuambia gari ni la nani, ana kazi ngumu ya kujiita wakala baadaye, na kwa kawaida wakala anayeficha jina la aliyemtuma huhesabiwa amejifunga mwenyewe. Jambo hilohilo linawahusu wanaokwenda Umra na Hija: hoteli ya Makka huijui, kampuni ya mabasi ya Jeddah huijui, unayemjua ni wakala wa Kariakoo au Eastleigh. Hakikisha karatasi inasema nini anachoahidi yeye na nini kinaahidiwa na wengine.

Kuna mpaka, hata hivyo. Aliyekuahidi safari hakukuahidi kwamba hakuna baya litakalokupata. Ameahidi uangalifu. Tembo akikasirika ghafla na kuligonga gari lililosimama mahali pa halali, mtihani huo ni wa porini. Dereva akimsogelea tembo mwenye mtoto ili wageni wapate picha nzuri, huo ni uzembe wa dereva. Nawe ukitoka nje ya gari hifadhini baada ya kukatazwa, au ukigoma kufunga mkanda, mahakama itakupunguzia fidia kwa kadiri ya mchango wako katika kuumia kwako.

Karatasi ya "kwa hatari yangu mwenyewe"

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa bure. Mtu ameumia, anakumbuka kwamba kabla ya kupanda mtumbwi wa mpira kule Jinja alisaini fomu isemayo hatamdai yeyote, anajiambia kesi imekwisha. Inawezekana imekwisha. Mara nyingi haijaisha.

Jiulize kwanza ulionyeshwa fomu hiyo lini. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya mgeni wa hoteli aliyeibiwa makoti ya manyoya chumbani. Ukutani mwa chumba kulikuwa na tangazo kwamba hoteli haihusiki na vitu vilivyopotea. Majaji wakasema mkataba ulifungwa mapokezi, kabla mgeni hajauona huo ukuta, na sharti linaloletwa baada ya mkataba kufungwa halimo ndani yake. Miaka 9 kabla yake, mtu alikodi kiti ufukweni Wales, akapewa kipande cha karatasi, kiti kikavunjika akiwa amekikalia. Nyuma ya karatasi palikuwa na maneno ya halmashauri kujivua dhima. Mahakama ikaiona karatasi ile kuwa ni risiti ya malipo tu. Hakuna mtu mwenye akili timamu angeigeuza kutafuta masharti. Ukifikiria mabango yetu ya "uongozi hautahusika", mengi yake yamebandikwa mahali ambapo mteja ameshalipa na kuingia.

Kisha soma imeandikwa nini. Mahakama husoma masharti ya aina hii kwa kumbana aliyeyaandika. Fomu inayotaja hatari za mto, mawe na maji baridi haimkingi kirahisi mtu aliyekupa jaketi la kuokolea lililochanika. Kama alitaka kujikinga na uzembe wake mwenyewe, ilimpasa aandike hivyo waziwazi, na wengi hawaandiki kwa kuogopa kuwafukuza wateja.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu sheria ya mwaka 1977 mfanyabiashara hawezi kabisa kujivua dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Sisi hatuna kifungu kikali namna hiyo, lakini hatuko mikono mitupu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaokubalika, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akiumizwa na kasoro ya huduma. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuatia. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inahesabu baadhi ya masharti ya kumlinda mteja kuwa yamo kwenye mkataba wake hata kama hakuna aliyeyaandika.

Je, usaini? Mara nyingi utasaini tu, la sivyo hupandi boti. Omba fomu kabla ya kulipa, ipige picha, na angalia mistari miwili zaidi: inamlinda nani, na inasema kesi itasikilizwa nchi gani. Kwa mtoto, kumbuka kwamba aliye chini ya miaka 18 hafungwi na saini yake mwenyewe kwenye mkataba wa aina hii. Fomu ya shule inayomtaka mzazi akubali lolote litakalotokea nisingeisaini bila kuandika pembeni kwamba nakubali safari na sikubali uzembe. Mwalimu atanuna. Anune.

Kabla ya kutuma hela

Omba jina kamili la kampuni na leseni yake ya utalii. Tanzania wengi bado wanaiita TALA, ingawa leseni sasa hutolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008; Kenya mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, chini ya sheria ya mwaka 2011. Jina la kwenye leseni, la kwenye risiti na la kwenye lipa namba yafanane. Yasipofanana uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Bima ndiyo kiini cha yote, kwa sababu hukumu ya kumdai mtu asiye na kitu ni karatasi nzuri ya kuning'iniza sebuleni. Gari lina bima ya aina gani? Tanzania unaweza kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, ukaona kama stika ni hai. Usiishie hapo. Gari binafsi lenye bima ya matumizi ya nyumbani likibeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima imepata sababu ya kukataa. Ndiyo hatari kubwa ya safari za kuchangishana kwenye magari ya marafiki. Muulize pia mwenye kampuni kama ana bima ya dhima kwa umma. Asiyejua ni kitu gani amekujibu.

Bima yako mwenyewe ya safari ni jambo tofauti. Hiyo inakulipia hospitali na kusafirishwa bila kuuliza nani kakosa, kisha kampuni ya bima inaweza kumgeukia mkosaji kwa jina lako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Kuwa nayo hakumfutii hoteli wala mwenye boti wajibu wake.

Na usisafiri kwa tiketi ya jina la mtu mwingine. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, orodha ya majina ilikuwapo ya madaraja ya juu. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Familia ambayo haiwezi kuonyesha kwamba mtu wao alikuwemo chomboni huanza kudai ikiwa nyuma.

Ukiwa angani, mambo ni tofauti

Safari ya ndege ya kimataifa ina sheria yake, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia. Abiria akifa au kuumia mwilini kwa ajali ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka, shirika halina nafasi ya kusema halikufanya uzembe, mpaka kiwango cha SDR 151,880 kwa kila abiria, kilichoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiwango hicho ni kama dola laki mbili za Marekani. Juu ya hapo, shirika ndilo lithibitishe kwamba halikukosea. Sharti lolote la kwenye tiketi linalopunguza kiwango hicho ni batili. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2 tu.

Ndege ya ndani ya nchi, ikiuzwa peke yake, haimo. Lakini ukinunua Nairobi–Dar–Mwanza kama safari moja, kipande cha Dar–Mwanza huhesabiwa sehemu ya safari ya kimataifa. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa elfu thelathini, kinga hiyo inaweza kuwa umeiacha kaunta.

Mkono mrefu wa London

Kama unaishi Ulaya na umenunua safari ya kuja nyumbani kwa kampuni ya huko, una bahati ambayo sisi wa huku hatuna. Sheria za Uingereza na za Umoja wa Ulaya zinambebesha mwandaaji wa safari ya pamoja makosa ya hoteli na madereva wote waliomo kwenye mkataba. Mwaka 2010 mgeni wa kampuni ya Kuoni alibakwa Sri Lanka na fundi umeme wa hoteli, aliyekuwa zamu na amevaa sare, akijifanya anamwonyesha njia ya mkato kwenda mapokezi. Mama huyo alishindwa ngazi mbili. Tarehe 30 Julai 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Kuoni inawajibika: kumwelekeza mgeni njia ndani ya hoteli ni sehemu ya huduma iliyouzwa.

Na meza ya hoteli inayokupangia matembezi? Januari 2010 Sir Ian Brownlie, mmoja wa wanasheria wakubwa wa sheria za kimataifa, alifariki Misri pamoja na binti yake, katika ajali ya gari la matembezi ambayo mkewe aliyapanga na hoteli ya Cairo. Mjane, aliyejeruhiwa humohumo, alibishana miaka na miaka kuhusu swali moja tu, kama anaweza kushtaki Uingereza, na Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ikamkubalia. Kesi yenyewe ilikuwa bado haijasikilizwa. Ukitumia dereva wa hoteli, basi, risiti iandikwe na hoteli. "Mlipe dereva mwenyewe" ni maneno ya kukutoa mikononi mwao.

Ewe mwenye kampuni ndogo Arusha au Moshi, hapo pia panakuhusu. Kampuni ya Ulaya inayokuletea wageni itakupa mkataba wenye kifungu kwamba utailipa chochote itakachodaiwa kwa makosa yako. Kabla ya kusaini, kilinganishe na kikomo cha bima yako. Ukiona bima inaishia pale ambapo fidia za huko ndipo zinaanza, jadili kikomo cha kifungu. Wengi husaini ili wasipoteze msimu.

Baada ya kuumia

Matibabu kwanza, na hapohapo anza ushahidi. Tanzania chukua PF3 polisi na namba ya RB. Kenya ni fomu ya P3 na namba ya OB. Piga picha gari, namba, matairi, stika, barabara. Chukua simu za abiria wengine watatu au wanne kabla hamjatawanyika. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe nje ya simu mapema, kwa sababu msimamizi wa kundi anaweza kukutoa siku hiyohiyo. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kutumika mahakamani. Risiti za dawa, teksi na gongo la kutembelea ziwe na jina lako: hasara za matumizi hulipwa kwa kiasi kilichothibitishwa, shilingi kwa shilingi. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na hakimu. Hata safari iliyoharibika tu inaweza kufidiwa: mwaka 1972 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilimpa mtu aliyelipa pauni 63.45 kwa likizo ya Uswisi, akakuta karibu kila kilichotangazwa ni uongo, fidia ya pauni 125 kwa kuvunjwa moyo.

Sasa anakuja mtu na bahasha. Mara nyingi ni mpole, ametumwa na mwenye gari, ameleta matunda. Anasema kampuni italipa bili ya hospitali kwa ubinadamu, saini hapa. Hela ya hospitali ipokee. Karatasi isome: ikiwa na maneno kwamba umeridhika na hutakuwa na madai mengine, usiisaini mpaka daktari aseme mguu utapona vipi. Madai mengi mazuri yamefia kitandani kwa laki tano. Mpe sahihi ya kupokea kiasi hicho, uandike "sehemu ya malipo", basi.

Kosa la pili ni kukaa kimya kwa sababu "kesi iko polisi". Ile ni kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva. Akitiwa hatiani inakusaidia sana kuthibitisha uzembe, lakini faini haiji kwako, na saa ya madai yako inaendelea kukimbia. Tanzania Bara na Kenya zote, shauri la uzembe lina miaka 3 na la mkataba miaka 6. Familia ya marehemu ina haki yake ya kudai kama wategemezi, kila nchi na sheria yake. Kama mlikuwa kwenye safari ya kikazi, kwa Tanzania uliza pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao hautaki uthibitishe kosa la mtu.

Anza na barua ya madai yenye tarehe, ukimtaja kila mmoja: aliyeuza, mwenye gari, dereva, loji kama inahusika. Waache wao wagombane nani alipe. Kenya, dai lisilozidi shilingi milioni moja, yakiwemo majeraha, unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Tanzania utahitaji zaidi wakili, na swali la kumuuliza siku ya kwanza ni kama ana mpango wa kumuunganisha aliyeuza safari, maana wengi hukimbilia dereva na bima yake peke yao.